Kwa vijana wangu mnaomnukuu Tacitus

Wanangu,

Juzi mmoja wenu aliandika, "Wanaacha ukiwa, wanauita amani," akaweka chini jina la Tacitus, mwanahistoria wa Roma ya kale, na wenzake wakampigia makofi. Sikutaka kumsahihisha peke yake mbele za watu. Nawaandikia nyote, kwa kuwa hata mimi, nilipokuwa mwalimu kijana, niliyaandika maneno hayo ubaoni vivyo hivyo.

Yamo katika Agricola, kitabu chake cha mwaka 98 hivi. Lakini anayeyatamka ni Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia, watu wa Scotland ya leo, akiwatia moyo wapiganaji wake dhidi ya Warumi. Na jemadari wa Warumi hao ni Agricola, baba mkwe wa Tacitus, ambaye kitabu kizima kinamsifu. Hotuba yenyewe kaitunga Tacitus, kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wa zama zile. Yaani mkwe anamsifu mkwewe, na papo hapo anampa adui maneno makali kuliko yote!

Hamtamwelewa mtu huyu msipojua alikoketi. Alikuwa seneta, akawa konsuli, cheo cha juu cha maseneta, mwaka 97, na baadhi ya vyeo vyake vya awali alivipata chini ya Domitian, Kaizari ambaye yeye Tacitus alimchukia. Karibu na mwisho wa kitabu anasema mikono yetu, sisi maseneta, ndiyo iliyompeleka Helvidius, seneta mwenzetu, gerezani. Someni hapo polepole. Hasemi "mikono yao".

Ndiyo maana kila upande ulimvutia kwake. Vitabu vya mwanzo vya Annales, historia yake ya Makaizari, vyenye habari za Kaizari Tiberius, vilichapishwa Roma mwaka 1515 kutoka nakala moja tu iliyosalia. Baada ya hapo washauri wa wafalme wa Ulaya walijifunza humo namna ya kuficha nia, na wapinzani wao wakajifunza namna ya kuifichua. Mwaka 1627 Isaac Dorislaus, msomi Mholanzi, alianza kufundisha maandishi ya Tacitus pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Wakubwa wakasikia harufu ya uasi, mihadhara ikasimamishwa. Desemba 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwandishi wa gazeti Camille Desmoulins aliwaeleza Wafaransa habari za Makaizari kwa kumtegemea Tacitus, na kila msomaji akajua wanaosemwa ni watawala wa siku zile. Aprili iliyofuata alikatwa kichwa. Napoleon naye hakumpenda kabisa, na hilo halinishangazi.

Kilichoniuma zaidi ni Germania, kitabu chake kuhusu Wajerumani wa kale. Humo Tacitus alisema Wajerumani hawakuchanganyika na mataifa mengine, na Wanazi wakalishika neno hilo kama hati ya ukoo. Aliposema kwamba kwao kunywa pombe usiku na mchana si aibu kwa mtu, hapo hawakutaka kusikia. Mwaka 1943 askari wa SS, kikosi cha Wanazi, walipekua jumba moja karibu na Ancona, Italia, wakiitafuta nakala ya zamani ya Germania aliyoitamani mkuu wao, Himmler. Hawakuipata. Leo iko Roma, katika Maktaba ya Taifa. Na kitabu hicho hicho walichokitafuta kina Agricola pia, pamoja na Calgacus na ukiwa wake.

Jumamosi nitakuja, magoti yakiniruhusu. Kila mmoja aje ameisoma Agricola yote. Si ndefu, inamalizika kwa jioni moja. Tutaanzia sura ya 45, kwenye ile mikono.

Mwalimu wenu