Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kumtafuta Sato kwa Vinasaba Vilivyomo Majini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wavuvi na wafugaji wa samaki wa Bonde la Pangani, ninayo heshima kuwasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na Mhazini, na habari za wanachama wapya zimo katika taarifa ya Katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya kamati yenu, nalo ni pendekezo la kuanza kupima maji ya Mto Pangani, Bwawa la Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe ili tujue, kwa vinasaba (DNA, yaani chembe za urithi) vilivyomo ndani ya maji hayo, sato, samaki aliyeletwa katika bonde letu kutoka nje, amefika wapi na wapi bado hajafika.

Wapo miongoni mwetu watakaouliza sato ametukosea nini, maana ndiye anayelipa ada za watoto katika nyumba nyingi za wanachama wa chama hiki. Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwanza. Sato hana kosa akiwa kwao, kama vile katika Mto Nile na Ziwa Tanganyika. Hata Ziwa Victoria, ambalo wengi wetu hudhani ndilo chimbuko lake, si kwao: alipandikizwa huko katika miaka ya 1950, na ngege na mbiru, waliokuwa wenyeji wa ziwa hilo na tegemeo la wavuvi wake, leo hupatikana zaidi katika viziwa vidogo vya pembezoni. Katika bonde letu wenyeji ni ndugu zake sato, perege wa Jipe na perege wa Korogwe, ambao mtafiti wa samaki Rosemary Lowe aliwaeleza kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1955. Perege wa Jipe hana kwao kwingine duniani isipokuwa bonde hili, na amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mgeni hudhuru wenyeji kwa njia mbalimbali. Sangara, mgeni mwingine wa Ziwa Victoria, aliwamaliza wengi wa furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo, kwa kuwala. Sato hugombea chakula na mahali pa kuzalia, lakini hatari yake kubwa kwa perege ni kwamba huzaliana naye. Watafiti waliochunguza vinasaba vya samaki waliovuliwa katika bonde hili walikuta chotara wa sato na perege wa Jipe, na pia chotara wa sato na perege wa Korogwe, ingawa walikuwa wachache wakilinganishwa na samaki wasiochanganyika. Uchache huo ndio unaonifanya niwahimize leo, kwa sababu unaonyesha kuwa bado kipo cha kuokolewa. Kule Lindi, katika Ziwa Rutamba, ambako pia kuna jamii ya perege wa Korogwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha jinsi sato aliyeletwa alivyokwisha kuchanganyika na mwenyeji, na hakuna wavu wala sheria inayoweza kuwatenganisha tena.

Ninasema haya nikijua kwamba nami nimo. Miaka iliyopita nilinunua vifaranga vya sato, nikachimba bwawa katika shamba lililo karibu mno na mto, na masika ilipokuja maji yakapanda juu ya tuta na samaki wote wakaenda. Siku ile nilihesabu hasara ya fedha tu. Haikunijia kabisa kwamba nilikuwa nimewafungulia mlango wa mto samaki ambao si wake, na leo sijui watoto na wajukuu wa samaki wale wamefika wapi. Ninaamini wapo wanachama wengine wenye kisa kama changu, na ningependa wakiseme bila kuogopa, kwa sababu mahali yalipokuwa mabwawa hayo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Njia ya kutafuta tuliyokuwa nayo mpaka sasa ni wavu na macho ya mvuvi. Njia hiyo ina mipaka. Samaki anapokuwa mgeni na mchache, wavu unaweza kupita juu yake msimu mzima bila kumgusa, na siku utakapomgusa mara nyingi amekwisha kuzaliana. Zaidi ya hapo, sato mdogo na perege mdogo hufanana kiasi kwamba hata mzee aliyezaliwa ufukweni anaweza kubishana na mwenzake. Lakini kila samaki aliye hai huacha alama majini: ute wa ngozi, magamba, kinyesi, mkojo, mayai na manii, na ndani ya vitu hivyo vyote mna vinasaba vyake. Ukichota maji, ukayapitisha katika chujio lenye matundu madogo kuliko yanavyoweza kuonekana kwa macho, ukalihifadhi chujio hilo katika spiriti na kulipeleka maabara, wataalamu wanaweza kuvizidisha vinasaba hivyo mpaka visomeke na kueleza ni vya nani. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba chura mgeni kutoka Marekani anaweza kugunduliwa katika madimbwi kwa njia hii, na tangu hapo imetumika kwa samaki sehemu nyingi, pamoja na Ziwa Tanganyika, ambako matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2020. Jaribio hilo lilifundisha kwamba maabara haiwezi kumtambua samaki ambaye vinasaba vyake havijawekwa kwanza katika kumbukumbu, na ndiyo maana kamati inataka wavuvi wetu watoe vipande vidogo vya pezi vya perege wa kila eneo kabla ya sampuli ya kwanza ya maji kupimwa.

Katika mafunzo tuliyopewa, jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa usafi. Mkono uliomshika sato asubuhi ukichovywa ndani ya chupa mchana, chupa itasema sato yupo hata kama mto mzima hauna hata mmoja. Glavu hubadilishwa kila kituo, vyombo huoshwa kwa dawa ya klorini, na katika kila safari hubebwa chupa moja ya maji safi ambayo huchujwa kama nyingine, ili ikitoa jibu la sato tujue kwamba kosa ni letu. Wavuvi watakaochota maji wasiwe wametoka kuvua siku hiyo, na mtumbwi wenye magamba usitumike. Maji ya masika yana tope linaloziba chujio, kwa hiyo kazi itafanyika kiangazi.

Lipo pia suala la mialo na masoko. Sato wa barafu wanapopasuliwa na kuoshwa kando ya mto, maji ya kuoshea hushuka mtoni yakiwa na vinasaba vya samaki waliokufa mbali na hapa. Ndege aliyekula samaki bwawani akaruka na kuachia kinyesi ziwani hufanya vivyo hivyo. Kisha mto nao hubeba: jibu lililopatikana Korogwe laweza kuwa limetoka kilomita kadhaa juu yake. Vinasaba havikai majini muda mrefu, ni siku chache hadi wiki chache, na joto na jua la kwetu huviharibu upesi, jambo ambalo kwetu ni faida kwa sababu kinachoonekana leo ni cha karibuni. Hata hivyo, vituo vyote viwe juu ya mialo na wala visiwe chini yake, na kila jibu la kwamba sato yupo lirudiwe kabla ya kutangazwa.

Kuhusu machotara sharti niwe mkweli, kwa sababu baadhi yenu mmekwisha kuambiwa kwamba kipimo hiki kitawaonyesha. Vinasaba vinavyosomwa kwa kawaida katika maji ni vile ambavyo samaki huvirithi kwa mama peke yake. Mtoto wa perege jike na sato dume ataonekana kuwa perege mtupu. Ili kuwajua chotara itatubidi tuendelee kuvua baadhi ya samaki na kuwapima mmoja mmoja kwa vinasaba vya pande zote mbili za uzazi. Maji yatatuonyesha pa kutupa wavu, na wavu utabaki kuwa wa lazima.

Kamati ilisoma pia yaliyotokea Chicago, kwenye mfereji unaounganisha maji ya Mto Mississippi na Ziwa Michigan. Huko kizuizi cha umeme kiliwekwa kuwazuia samaki wakubwa walioletwa Marekani kutoka Asia, na mwaka 2009 vinasaba vyao vikapatikana upande wa pili wa kizuizi hicho. Ukazuka ubishi mkali: wengine walidai ni kinyesi cha ndege au maji taka. Mwezi Juni 2010 samaki mmoja alivuliwa katika Ziwa Calumet, ng'ambo ya kizuizi. Nililojifunza mimi ni kwamba wenzetu wale walianza kubishana juu ya maana ya jibu wakati jibu lilikuwa limekwisha kutoka, na kila upande ulikuwa na maslahi yake. Sisi tuna nafasi ya kukubaliana mapema.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio lifuatalo mbele yenu. Sampuli zichukuliwe kiangazi kijacho mahali Mto Lumi unapoingia Ziwa Jipe, Mto Ruvu unapotoka ziwani humo, Bwawa la Nyumba ya Mungu, vinamasi vya Kirua na Mto Pangani juu ya Korogwe, kwa kibali cha mamlaka husika na kwa ushirikiano na wenzetu wa upande wa Kenya, kwa kuwa ziwa ni letu sote. Mahali ambapo sato hatapatikana baada ya sampuli kurudiwa, wanachama wajifunge kutopeleka vifaranga vyake huko wala kuchimba mabwawa yanayofikiwa na mafuriko. Mahali atakapopatikana mara mbili, uvuvi wa kumtafuta uanze ndani ya mwezi huo huo, na mwanachama yeyote asiadhibiwe kwa kutaja bwawa lake lililopasuka.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mhazini. Bwawa langu la zamani nimekwisha kuliandikisha kwa Katibu kuwa kituo cha kwanza, na daftari liko mezani kwake kwa wengine wanaotaka kuandikisha yao.