RISALA YA WATUMISHI WA KITENGO CHA ULTRASAUNDI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MOYO DUNIANI, 29 SEPTEMBA

Ndugu Mgeni Rasmi,

Karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo historia tutaipita mbio: kitengo kilianza na wajawazito, kikaongeza matumbo, sasa kinapima na mishipa ya damu.

Mafanikio ni makubwa. Chumba kimepakwa rangi, pazia limebadilishwa na wagonjwa wana benchi. Kwa probu bapa (probu ni kile kishikio cha mashine kinachowekwa mwilini) ya megahezi 7 hadi 12 tunakagua shingo na miguu. Vena ya mguu, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, tunaibana kila baada ya sentimita 2, kuanzia kinenani hadi nyuma ya goti. Isipobonyea, ndani kuna damu iliyoganda.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwenye moyo wenyewe ndipo tunapokwama. Probu ya tumbo tuliyonayo ina uso mpana uliopinda. Ukiiweka kifuani inakaa juu ya mbavu, mfupa unazuia mawimbi na picha inajaa vivuli. Tunahitaji probu ya moyo, yenye uso mdogo unaotosha kati ya mbavu mbili, ya megahezi 2 hadi 4 kwa watu wazima, pamoja na programu ya moyo na nyaya 3 za ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Iwe na Dopla (kipimo cha kasi ya damu) ya mfululizo, kwani Dopla ya kawaida hushindwa kusoma damu inayopita kwa kasi kubwa kwenye valvu, yaani mlango wa moyo, iliyobana. Kwa sasa valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki tunaishuku tu, na nguvu ya moyo kusukuma damu tunaikisia kwa macho. Mgonjwa anapewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa kipimo ambacho angefanyiwa hapa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Probu hii imeshaahidiwa mbele ya hadhara hii, na makofi tulipiga. Baadaye, kwa nia njema kabisa, ililetwa probu ya mashine ya kampuni nyingine. Kichomekeo hakiingii, ipo kabatini, haina hata mkwaruzo.

Ndiyo maana safari hii tumeandika modeli ya mashine na namba ya kichomekeo. Profoma, yaani hati ya bei kutoka kwa muuzaji, imo kwenye bahasha ya kaki uliyokabidhiwa, ikiwa na stabilaiza ya kutuliza umeme na UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukiyumba bodi ya mashine huungua. Jeli tutajinunulia.

Katika majibu yako, tunaomba kwa unyenyekevu utaje na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.