Mama yangu alibaki benchi la nyuma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Mbeya anayesema kuwa Mkristo akiunga mkono ndoa ya watu wa jinsia moja, basi Ukristo wake ni wa jina tu. Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, Iringa, Mlutheri niliyebatizwa kichanga, na sasa ni mzee wa kanisa hapa Saint Paul, Minnesota, Marekani. Naunga mkono. Ila sikufika hapo kwa siku moja.

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa na wanaume wawili walioishi pamoja tangu ujana. Sisi Watanzania, tukiwa wenyewe jikoni, tuliwaita Babu Mrefu na Babu Mfupi. Mwaka 2009 Babu Mrefu akapata kiharusi. Niliwafuata hospitali na mfuko wa dawa zake. Pale mapokezi Babu Mfupi akaulizwa, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Rafiki." Basi, rafiki akaambiwa akae kwenye viti asubiri. Karatasi za matibabu zikamngoja mpwa wa mgonjwa, kijana wa jimbo lingine ambaye hata hakujua kuwa mjomba wake akichomwa penisilini anavimba uso. Babu Mfupi alijua. Ikabidi nimnong'oneze nesi.

Msinidhanie shujaa. Novemba 2012 sisi wapiga kura wa Minnesota tuliulizwa kama katiba ya jimbo iseme ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Nikamkumbuka Babu Mfupi, nikamkumbuka kaka yangu mwinjilisti kule Kilolo, nikaliacha swali bila kulijibu. Baadaye ndipo nikaambiwa kuwa hapa, kwenye swali la katiba, asiyejibu anahesabiwa kuwa amekataa. Pendekezo likaanguka. Nilicheka peke yangu kwenye basi.

Mei 2013 Gavana Mark Dayton akasaini sheria ya kuwaruhusu watu wa jinsia moja kuoana, ikaanza kutumika Agosti 1. Sheria yenyewe inataja ndoa ya kiserikali, wala haimlazimishi mchungaji yeyote kufungisha ndoa asiyoikubali. Hapo ndipo ndugu yangu wa Mbeya anapochanganya mambo. Martin Luther mwenyewe aliandika mwaka 1529 kwamba ndoa ni shughuli ya kidunia, akawaasa wachungaji wasijitwike kuitawala.

Na nyumbani tumeishi hivyo siku zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, kanisa letu haliibariki. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Jumapili ya Meza ya Bwana alibaki benchi la nyuma, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, wenzake wakimpita kwenda madhabahuni. Lakini baba alipofariki, shamba la mahindi hakuna aliyemnyang'anya, maana kwa serikali alikuwa mke. Sijasikia mchungaji aliyelalamika kuwa shamba lile limeharibu ndoa yake.

Kaka ananiambia kwa simu kwamba maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, walishatoa tamko la kuzikataa ndoa hizi kule Dodoma, Januari 2010, na mjadala umefungwa. Maaskofu nawaheshimu. Nikamsomea Mwanzo 2:18, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Akanikatiza: malizia, mdogo wangu, aliyeletwa ni mwanamke! Kweli. Ndipo nikamsimulia kuwa Babu Mfupi alioa akiwa kijana, kwa shinikizo la baba yake, na yule dada wa watu akalala miaka minne na mume asiyeweza kumtazama. Nikamuuliza, binti yako ungempa mwanamume wa namna hiyo? Kaka alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Wazee wetu walioana Agosti ile ile, kwenye chumba cha kulia, mbele ya mchungaji wa Kilutheri. Nilikaanga sambusa. Mkono wa kulia wa Babu Mrefu ulikuwa umekufa ganzi, kwa hiyo Babu Mfupi ndiye aliyemfunga tai, vidole vikitetemeka. Akakosea. Akarudia. Mara ya tatu Babu Mrefu akasema wakiendelea hivi chakula kitapoa, watu wakaangua kicheko, na fundo likabaki limepinda hivyo hivyo mpaka kwenye picha.

Alifariki miaka mitatu baadaye, nikiwa zamu. Babu Mfupi aliletewa fomu, akauliza kalamu, akaandika "mume", akamrudishia karani.

Desemba nakuja Kilolo. Kaka amesema nitafikia kwake kama kawaida, ila nijiandae, ana maswali.

Jina langu Mhariri analo,
Mzee wa kanisa,
Saint Paul, Minnesota