Muulizeni mteja rilei anaipeleka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, na zaidi na wauza vifaa vya umeme.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kibosho aliniletea hapa Majengo, Moshi, mashine yake ya kutotolea vifaranga. Mayai 300, siku ya 19, yote yamekufa. Alfajiri alikuta kipimajoto kinasoma nyuzi 43 badala ya 37.5. Nilipoipasua rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha na kuzima hita, nikaona pointi zake, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, zimeyeyuka na kushikana. Hita ilikuwa imewaka usiku kucha, huku taa ya kidhibiti ikionyesha imezimwa.

Mashine ile huwasha hita mara moja kila dakika. Hizo ni mara 1,440 kwa siku, zaidi ya 30,000 kwa siku 21. Rilei ndogo za koili, ambazo waya uliozungushwa huvuta pointi kwa usumaku, kwa kawaida huhesabiwa kuhimili kama mara 100,000 zikibeba mzigo wake kamili. Mama alikuwa kwenye awamu ya tano ya kutotoa, na kila pointi zinapoachana cheche huzila kidogo.

Kazi ya namna hiyo naifungia SSR, rilei isiyo na koili wala pointi. Ndani yake taa ndogo huamsha traiaki, kipande cha elektroniki kinachopitisha umeme, hakuna kinachogongana. Ila naumia nikisikia muuzaji anamwambia kijana, "Chukua hii ya kisasa, haifi." Inakufa! Ikipitisha umeme hula volti moja hadi moja na nusu, na zote hugeuka joto. Oveni ya mkate ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, kwa hiyo rilei peke yake hutoa joto la wati 10 hivi. Nimeikuta moja imepigiliwa kwenye ubao mtupu, bila aluminiamu ya kupoza, eti kwa kuwa imeandikwa ampea 40. Ilidumu siku nne.

Kijana wa Machame naye aliuziwa SSR ya umeme wa gridi, akaifunga kwenye betri ya sola. Taa iliwaka, ikakataa kuzimika. Umeme wa gridi hugeuza mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo ndipo traiaki huachia. Wa betri haupiti sifuri kamwe. Muuzaji angemuuliza tu anaipeleka wapi, pesa yake ingepona.

Taa ya uani inayowashwa jioni na kuzimwa asubuhi, ifungieni rilei ya koili. Ni rahisi, haipati joto kubwa, na ikikata imekata. SSR huvujisha umeme kidogo hata ikizimwa, kwa hiyo fundi asishike waya kwa kuiamini.

Mama wa Kibosho nimemfungia SSR yenye bati lake la kupoza. Lakini aina zote mbili zikifa mara nyingi hufa zimewasha, kwa hiyo nimeongeza thamostati ya pili yenye rilei yake ya koili, kwenye waya uleule wa hita, inayokata joto likifika nyuzi 38.5. Hiyo hukata siku ya hatari tu, pointi zake hazichoki. Gharama yake haikufika bei ya trei mbili za mayai. Wanaounda mashine hizi na kuwauzia wafugaji wetu, nawaomba waifunge kabla mashine haijatoka karakana.

Fundi wa elektroniki,
Majengo, Moshi