Risala ya Klabu ya Ufundi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi,
Wahitimu na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko na kufika huku kwetu Mtama, tena msimu wa korosho, wakati kila mtu ana mbio zake.

Mheshimiwa, klabu yetu, inayounda treni ndogo za mfano, ilianza na wanachama 9. Leo tupo 14, ongezeko la zaidi ya asilimia 50. Shule jirani imeshakuja kujifunza kwetu, mara moja, hivyo si vibaya kusema kwamba hapa ndipo kitovu cha teknolojia ya reli Kanda ya Kusini. Reli yenyewe babu zetu waliiona: Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Tangu hapo Kusini tunasubiri. Sisi tumeamua kujijengea ya kwetu, kwa kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli.

Ulichokiona chini ya mwembe ni treni ya magogo. Njia yake tumeibuni wenyewe: inashusha mvule kutoka Rondo hadi kiwanda cha mbao ufukweni Lindi, yote juu ya plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4. Magogo ni vijiti vya mkorosho. Kichwa cha treni ni mfano wa Shay, aina iliyovuta magogo katika misitu ya Marekani. Magurudumu yake yote huzungushwa kwa giya, ndiyo maana hupanda mlima taratibu bila kuteleza. Hakuna anayeiendesha. Bodi ya Arduino, kompyuta ndogo tuliyoiandikia programu, inasoma vihisi vilivyo kando ya reli. Treni ikifika kiwandani inasimama, mota ndogo inasukuma mkono, magogo yanaanguka, treni inarudi mlimani.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Mheshimiwa, umeshuhudia ilivyokipita kiwanda bila kusimama, na magogo yake yote. Wapo waliocheka. Tunaomba ieleweke kwamba programu haina kosa. Vihisi vyetu hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na jua la saa saba mchana limejaa infraredi hiyohiyo, vikapofuka. Kilichoizuia treni isikurukie miguuni ni diodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya bei ya andazi, iliyofungwa kwenye kipande cha mwisho cha reli: treni ikiingia pale inakosa umeme, na mwelekeo wa umeme ukigeuzwa diodi inaupitisha, treni inarudi ilikotoka.

Tulikuwa juani kwa sababu hatuna chumba. Na hapa, Mheshimiwa, tunaomba sikio lako lote.

Meza yetu inaishi stoo ya jikoni, kati ya magunia ya mahindi na maharage. Moshi wa kuni hutua juu ya reli, na treni hupata umeme kupitia reli hizohizo. Utando mwembamba wa masizi unatosha kuisimamisha. Katika kipindi cha saa moja, dakika 40 tunafuta reli kwa spiriti. Panya wametafuna waya mara tatu. Mlango wa stoo ni mwembamba, tukalazimika kuikata plaiwudi katikati, na kila tukiitoa maungio ya reli yanahama. Mpishi, ambaye hatuna ugomvi naye, ametutangazia kwamba mahindi ya muhula ujao yakifika, reli itoke.

Tunaomba chumba kimoja tu. Matofali 1,200 tumeyafyatua wenyewe pamoja na wazazi, na mvua zinazokuja zitakuwa za pili kuyanyeshea. Pungufu ni saruji mifuko 40, mabati 30, mlango wa chuma na kufungiwa umeme.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mabati, akapigiwa makofi, tukamzawadia korosho kilo 5. Wa mwaka jana aliahidi saruji, pamoja na yale mabati ya mwenzake. Korosho zilifika. Tulipofuatilia tuliambiwa suala linafanyiwa kazi, na hatuna shaka linafanyiwa kazi hadi leo. Ahadi zingekuwa bati, tungeshaezeka mpaka vyoo. Hatusemi haya kwa kukulinganisha na yeyote, Mheshimiwa. Ila safari hii kamati imeona vyema iandae daftari lenye nafasi ya kiasi, tarehe na sahihi. Lipo meza kuu, na kalamu imo ndani. Korosho zako pia zipo, na kwa utaratibu wa mwaka huu zitakabidhiwa mara baada ya daftari.

Ukiweza kutuvumilia hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likishazama tutaiwasha tena, uyaone magogo yakianguka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama