Mkono Uliochora

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, na baridi ya St. Paul imeanza kulegea. Nimeusikiliza tena ujumbe wako usiku huu nilipotoka kazini, nikaona simu haitoshi kwa jibu ninalotaka kukupa. Umesema ulimwonyesha mwenzako wa chumbani picha za vitabu vyangu vya Peanuts, ile katuni ya mtoto Charlie Brown na mbwa wake Snoopy, naye akakwambia kwamba mamako ananunua vitabu ambavyo Schulz mwenyewe hakuvichora, na kwamba mkusanyaji wa kweli angetia pesa zake pengine. Ukaniuliza kama ni kweli. Ni kweli, sehemu kubwa hakuichora yeye. Na ndiyo maana navinunua.

Elewa kwanza kazi yenyewe. Charles Schulz alianza katuni yake ya Peanuts tarehe 2 Oktoba 1950, katika magazeti saba tu. Vyumba vinne vya picha, vyote kipimo kimoja, ili mhariri avipange apendavyo: mlalo, wima, au mraba, kwa kadiri ya nafasi aliyobakiwa nayo ukurasani. Karibu miaka 50 aliichora peke yake. Hakuwa na wa kumtilia wino wala wa kumwandikia maneno. Katuni 17,897, mkono mmoja. Alipofariki tarehe 12 Februari 2000, katuni yake ya mwisho ilitoka magazetini kesho yake, siku ya Jumapili. Alikuwa amekataza mtu mwingine asiiendeleze, na jamaa zake wakalishika neno lake.

Watu wanampenda kwa hilo, nami nampenda kwa hilo. Unajua sisi tunapita kwenye mitaa yake. Babake alikuwa kinyozi papa hapa St. Paul, kwenye pembe ya Snelling na Selby. Tulikuwa tukipita na basi hapo ulipokuwa mdogo, ukibanwa na koti lile la buluu, nami nikikuonyesha kwa kidole.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1950, Dell, wachapishaji wa New York, wakawa wanawatoa Charlie Brown na Snoopy katika vitabu vya senti kumi. Huko vyumba vinne havitoshi. Kunatakiwa hadithi ya kurasa kadhaa, mtoto atoke nyumbani, apatwe na jambo, jambo lizae jingine. Schulz alichora kidogo mwanzoni, kisha kazi ikamwelemea, maana gazeti halingoji. Akawapa watu aliowaamini: Jim Sasseville, kisha Dale Hale, kisha Tony Pocrnich. Wote alijuana nao hapa jirani, Minneapolis, katika Art Instruction, shule iliyofundisha uchoraji kwa njia ya posta. (Huko huko ndiko alikokutana na wafanyakazi wenzake wawili ambao majina yao aliyaazima kwa watoto wa katuni yake, mmoja Charlie Brown, mwingine Linus.) Wakachora vitabu hivyo miaka ile yote hadi 1962, na majina yao hayakuandikwa ndani.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo, mwanangu. Nyanyako Lamu alikuwa akishona kofia za vito, zile zinazodariziwa vitundu kwa mkono. Kofia moja ilimchukua miezi, na ilipokwisha ilikwenda kwa mwenye duka, ikavaliwa na bwana harusi asiyemjua, na jina lake halikuwa popote. Lakini wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wakiishika kofia, wanaigeuza ndani, wanatazama vitundu, wanasema: huu mkono wa fulani. Hawakukosea. Mimi nimekulia miguuni mwa watu wanaojua kutazama hivyo, na nilipokipata kitabu changu cha kwanza cha Dell, katika sanduku la makaratasi kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, nilikitazama vivyo hivyo kabla sijajua lolote. Nikaona kichwa cha Charlie Brown ni chenyewe, lakini kidole hakikuwa cha yule bwana wa gazetini.

Nikufundishe kutazama. Usianze na nyuso, nyuso ndizo zilizoigwa kwa bidii zaidi. Tazama nyasi. Schulz akivuta nyasi, mistari ni michache na haifanani, kama imemponyoka tu. Tazama viatu vinapogusa ardhi, na mkunjo wa blanketi la Linus. Kisha mtazame Snoopy akikimbia, kwa sababu mbio haziigiki. Sasseville, kwa jicho langu, ndiye aliyemkaribia Schulz kupita wote. Kuna kurasa zake ambazo hadi leo nazirudia na taa mkononi sijaamua. Pocrnich mstari wake ni mgumu zaidi, watoto wake wanasimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, na watu wengi humdharau. Mimi simdharau. Aliachiwa kazi ya kuwapeleka watoto wale mahali ambapo Schulz mwenyewe hakuwahi kuwapeleka, akawapeleka, toleo baada ya toleo, bila mtu kumjua.

Huyo rafiki yako amesema neno moja la haki, kwamba ukitaka mkono wa Schulz safi usihangaike na Dell. Fantagraphics wameichapisha katuni yote ya gazetini, kuanzia 2004 hadi 2016, na maktaba nyingi wanayo. Kasome. Lakini kote huko utaona mkono mmoja tu. Dell ni mahali adimu ambapo mikono mingine iliruhusiwa kuwagusa watoto hawa Schulz akiwa hai, na angali anawachora kila siku. Vitabu vya baadaye vya wachapishaji KaBOOM!, vilivyoanza 2011, vinataja wachoraji wake kwa majina, na hilo limenifurahisha sana.

Sasa kwa kuwa siku moja vitakuwa vyako, shika na haya. Ukitafuta Peanuts ya Dell namba 1, 2 na 3, hutaviona, na muuzaji akikwambia anavyo, uliza vizuri. Matoleo matatu ya kwanza yalitoka ndani ya mfululizo mkubwa wa Four Color, ambao ulikuwa na kila aina ya wahusika: namba 878 ya mwaka 1958, kisha 969 na 1015 za mwaka 1959. Kitabu kiliposimama chenyewe mwaka 1960 kilianzia namba 4, kikaishia 13. Gold Key, wachapishaji wengine, nao walianza upya na namba 1 mwaka 1963, ndiyo maana wengi huchanganya. Na hadithi nyingine zimejificha katika vitabu vya watu wengine, ndani ya Nancy, Fritzi Ritz na Tip Top, kurasa chache katikati. Hizo ndizo nizipendazo, kwa kuwa bei yake ni ndogo na hakuna anayezigombea.

Karatasi yake ni ile ile ya gazeti, ina asidi, inajila yenyewe hata ukiiacha kabatini. Weka kila kimoja katika mfuko wa Mylar, yaani plastiki angavu, na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, kisimame wima, mbali na jua. Usiviweke chumba cha chini cha nyumba. Huku kiangazi unyevu unapanda na pini za mgongoni zinashika kutu, na kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki.

Na usinunue vilivyofungiwa ndani ya plastiki ngumu na alama ya kiwango cha ubora juu yake. Najua vinauzwa ghali na watu wanavionea fahari. Kitabu hicho hukifungui tena. Utaona jalada peke yake, na waliofanya kazi wako ndani.

Huko uliko kuna maduka ya vitabu vya zamani, umeniambia mwenyewe. Ukipata wasaa, nitafutie Nancy za Dell, kuanzia namba 146 kwenda juu. Jalada likiwa limechanika si neno, lakini hesabu kurasa za katikati kabla hujalipa, kwa sababu ndizo zinazochomoka kwenye pini. Usizidishe dola kumi. Ukikipata, kabla hujakituma, kaa nacho utazame nyasi na viatu, uniandikie unadhani ni mkono wa nani. Usinipigie, andika, na unipe sababu zako. Mimi nami nitaandika zangu nikikipokea, tuone.

Babako anakusalimia, na nduguzo wote.

Mamako akupendaye