Mwanafunzi wa chuo aambiwe saa, siku na hatua

Ndugu Mhariri,

Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya vyuoni haikosi kipindi cha afya ya uzazi. Aghalabu ni saa moja ukumbini: mtaalamu mmoja, mamia ya vijana, picha za vidonda vilivyokithiri zinaonyeshwa ukutani, ukumbi unaguna, kisha ratiba inahamia kwenye matumizi ya maktaba. Sisi tunaowahudumia vijana katika afya ya uzazi tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kinachokosekana hapo. Kinachokosekana ni saa, siku na hatua.

Picha zile zina madhara yake. Kijana anatoka ukumbini akiamini kwamba ugonjwa wa zinaa unaonekana kwa macho, basi akimwona mwenzake ana ngozi safi na afya tele, anajiona salama. Klamidia haiendi hivyo. Wanawake walio wengi wenye klamidia hawasikii maumivu wala hawaoni uchafu wowote, na wanaume wengi vilevile, ilhali vimelea vinaweza kupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yatakayogunduliwa miaka mingi baadaye, mtu anapotafuta mtoto asimpate. Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, na kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani ya uke asikione kabisa. Baada ya wiki 3 hadi 6 kinafunga chenyewe, mtu akamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeshaingia kwenye damu na unaendelea. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Yote manne yanatibika.

Kwa hiyo mtu apime bila kungoja dalili, na kupima kuna utaratibu wake. Mwanamume anayepimwa klamidia na kisonono kwa mkojo asikojoe kwa muda usiopungua saa moja kabla, kisha achukue mkojo ule unaotoka kwanza, kiasi cha mililita 20 hadi 30. Akichukua wa katikati, kama wengi walivyozoea kuelekezwa wanapopimwa maambukizi ya njia ya mkojo, vimelea vinakuwa vimeshasafishwa na jibu linaweza kudanganya. Mwanamke hupata jibu zuri zaidi kwa kijiti cha pamba cha ukeni, na anaweza kujichukulia mwenyewe. Aliyefanya ngono ya mdomo aseme, maana kisonono cha kooni hakionekani kwenye mkojo. Akikutwa na ugonjwa, mwenzake atibiwe pia; wakipewa dawa ya mara moja wasikutane kimwili kwa siku 7, na wakipewa ya siku kadhaa wasubiri mpaka wote wawili wamalize. Vidonge vilivyobaki kwa rafiki wa chumba cha jirani si matibabu. Dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kuacha sugu, na kisonono kimeshazizoea dawa kadhaa ambazo zamani zilikuwa zikikimaliza.

Kondomu kila mwanafunzi anaijua kwa jina. Lakini wanawake 100 wakitegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mzima bila kukosea hata mara moja, 2 hupata mimba. Wakiitumia kama watu wanavyoitumia kwa kawaida, hupata 13. Tofauti hiyo ya 11 inatokana na siku ambazo haikuvaliwa na siku ambazo ilivaliwa vibaya, na kuivaa ni jambo la kufundishika kwa dakika kumi, kwa kielelezo cha mbao mezani na kila mmoja akijaribu.

Pakiti ikibonyezwa lazima isikike hewa ndani. Isiyo na hewa imetoboka. Tarehe isomwe. Ichanwe kwa vidole, isichanwe kwa meno wala mkasi. Kisha itazamwe pete yake: ikiwa sawa, mviringo uko upande wa nje na kondomu inashuka kwa kusukumwa kidogo, kama ukingo wa kofia ya sufu uliokunjwa kwa nje. Ikigoma kushuka, imewekwa kinyume. Hapo watu wengi huigeuza na kuendelea, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu upande ule umeshagusa majimaji ya uume ambayo yanaweza kuwa na virusi na hata mbegu. Itupwe, ichukuliwe nyingine. Ncha ibanwe kwa vidole viwili ili hewa itoke, kwa kuwa hewa iliyobanwa ndani inaweza kuipasua, halafu ishushwe mpaka kwenye shina. Mafuta ya mgando, losheni na mafuta ya kupikia yasiiguse kondomu ya mpira. Huudhoofisha mpira kwa dakika chache tu. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni. Kuvaa mbili kwa pamoja si kuongeza kinga, zinasuguana na kuchanika. Mwishoni, na hapa wengi hujisahau, uume utolewe ungali umesimama huku pete ya kondomu imeshikwa, maana ukilegea kondomu hubaki ndani. Na ile iliyokaa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kwa wiki kadhaa imeshaharibiwa na joto na kukaliwa.

Kuhesabu siku nako kunawaponza wengi. Hata wanaosoma sayansi wameshika kwamba yai hutoka siku ya 14, bila kukumbuka kwamba hesabu hiyo ni ya mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 24 hutoa yai karibu na siku ya 10, na mwenye siku 35 karibu na siku ya 21. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Msichana mwenye mzunguko mfupi akikutana na mwanamume siku ya 6, damu ndiyo kwanza imekatika na anajiona yuko katika siku salama, mbegu zinaweza kulingoja yai mpaka litoke. Tena msongo wa mitihani unaweza kulichelewesha yai bila yeye kujua.

Sasa tuje kwenye saa. Namba 72 inawachanganya vijana kwa sababu inatajwa kwa dawa mbili zenye kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonojestreli, miligramu 1.5 kwa mara moja, kimezwe mapema iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya saa 72. Mpaka saa 120 bado kinaweza kusaidia lakini nguvu yake inapungua kadiri muda unavyokwenda. Kinachelewesha yai kutoka. Kama yai limeshatoka hakina la kufanya, na kama mimba imeshatunga hakiitoi. Aliyetapika ndani ya saa 2 ameze kingine. Anayetumia dawa ya kifua kikuu ya rifampisini, dawa ya VVU ya efavirenzi au baadhi ya dawa za kifafa amwambie mfamasia kabla ya kulipa, kwa sababu dawa hizo zinakipunguza nguvu na huenda akahitaji dozi maradufu au kitanzi, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na vijana wachache sana wamewahi kuambiwa hivyo. Jambo moja zaidi: kidonge hakilindi siku zinazofuata. Yai limecheleweshwa tu, kwa hiyo anayelala na mwanamume siku tatu baadaye bila kinga anaweza kukutana nalo. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, apime mimba.

Dawa ya pili ni PEP, ya kuzuia VVU kwa aliyekuwa hatarini. Hii ianzwe ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ndizo bora, kisha imezwe kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Aliyemeza kidonge cha dharura hajajikinga na VVU, na anayemeza PEP hajazuia mimba. Kuna na kosa la kipimo: anayepima haraka kwa tone la damu siku ya tatu na kupata jibu la kutokuwa na virusi amepata habari za miezi iliyopita. Kipimo hicho kinaweza kuhitaji hadi siku 90 ndipo jibu lake la kutokuwa na virusi liaminike kabisa.

Aliyebakwa anahitaji vyote viwili, na upesi. Asioge wala kujisafisha kabla ya kuchunguzwa akiweza, na nguo alizokuwa nazo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini kama ameshaoga na kufua, bado aende. Dawa hazingoji ushahidi. Na wavulana waambiwe waziwazi kwamba mtu aliyelewa chakari au aliyelala hajakubali, na kuvua kondomu kwa siri katikati ya tendo ni kuvunja makubaliano.

Wapo wazazi na viongozi wa dini wanaohofia kwamba maelezo kama haya yanawasukuma vijana kwenye ngono. Tunaiheshimu hofu yao. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, ulipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba elimu hii haiongezi ngono wala mienendo ya hatari. Na mwanafunzi wa chuo aliyeamua kungoja hapotezi kitu kwa kujua.

Ombi letu kwa vyuo ni dogo. Tukio likitokea Ijumaa saa 5 usiku na zahanati ikafunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi, saa 57 zimeshakwenda, zimebaki 15, na ndani ya hizo kuna foleni, kipimo, na aibu ya kueleza. Dozi ya kwanza ya PEP na kidonge cha dharura vipatikane siku zote 7 kwa mhudumu wa zamu, mwanafunzi asidaiwe barua ya mlezi wa wanafunzi wala kuulizwa alikuwa na nani. Na namba ya simu ya mhudumu huyo ibandikwe ndani ya milango ya vyoo vya mabweni, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Wahudumu wa afya ya uzazi kwa vijana